Magazeti, uani au kizimba? Njia za kumfundisha mtoto wa mbwa haja na kumwachisha kuuma

Nimelea watoto wa mbwa wawili kwa njia mbili zisizofanana. Simba alitukuta tumepanga ghorofa ya tatu, Dar es Salaam, akajifunzia haja kwenye magazeti. Popi amekuja mwaka huu, tukiwa na nyumba yenye ua na mwembe mmoja, na gazeti halijui. Watu wanaotaka kuchukua mbwa huniuliza njia ipi ni bora. Mimi huwauliza kwanza: kwenu anashinda nani? Maana mbwa anaweza kununuliwa na baba na kupewa jina na watoto, lakini anayemfundisha ni yule aliye naye saa 4 asubuhi, wengine wakiwa kazini na shuleni. Kwa nyumba nyingi za mjini huyo ni dada wa kazi, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza kama yeye anamtaka mbwa.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kuangalia kazi inamwangukia nani, halafu ndipo nikaangalia mbwa mwenyewe.

Kwanza kibofu

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anabana mkojo saa mbili hivi, tatu akijitahidi. Makadirio ya wafugaji ni saa moja kwa kila mwezi wa umri, ukiongeza moja. Usiku, akiwa amelala, huvuka kidogo. Asipofika hapo si mtukutu, ni mdogo tu.

Bahati nzuri saa zake zinatabirika. Anakwenda haja akiamka, akimaliza kucheza, na baada ya kula, kati ya dakika 5 na 30, kwa sababu chakula kikifika tumboni utumbo nao huanza kusukuma. Akianza kunusa sakafu huku akizunguka, mbebe uende naye, usisubiri kuhakikisha.

Hapa ndipo desturi yetu ya kumlisha mbwa mara moja, usiku, mabaki ya ugali yakishakusanywa, inapotuangusha. Aliyekula saa 3 usiku atakwenda haja watu wote wamelala, na asubuhi utalaumu njia uliyochagua. Chini ya miezi minne mpe mara tatu au nne kwa siku, saa zilezile, mlo wa mwisho kabla ya magharibi. Maji usimnyime mchana, hasa kwa joto la pwani. Bakuli liondoe saa moja au mbili kabla ya kulala.

Magazeti

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Chagua kona moja, mbali na anapolala na anapokulia, utandike magazeti eneo kubwa. Kila siku unatoa yaliyolowa, ila unabakiza kipande kidogo chenye harufu kiwe alama juu ya mapya. Akishazoea unapunguza eneo polepole mpaka ibaki kurasa mbili tatu.

Uzuri wake niliuona wakati wa masika. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ngazi zinateleza, na Simba ana wiki tisa. Hakuna aliyetakiwa kushuka naye ghorofa tatu. Na dada aliyekuwa akitusaidia, ambaye alikuwa anamwogopa mbwa, aliimudu kazi hii kwa sababu haikumtaka amguse: kutandika, kukunja, kutupa.

Ubaya wake ni kwamba unafundisha mara mbili. Kwanza unamwambia ndani panafaa, miezi mitatu baadaye unamwambia hapana, sikuwa na maana hiyo. Simba alifika miezi saba akiwa bado anashushwa chini, ananyoosha miguu, ananusa magurudumu ya magari yote, halafu akirudi ndani anakimbilia konani kwake kukojoa. Na gazeti kwake lilikuwa karatasi yoyote iliyolala chini. Mke wangu ni mwalimu. Alisahihisha mitihani ya darasa zima akiwa ameketi mkekani, akainuka kuipua chai, na yaliyobaki sihitaji kuyaeleza.

Mbwa hujifunza kwa nyayo zake, si kwa pua peke yake: anachokikanyaga wakati wa haja akiwa mdogo ndicho anachokitafuta akiwa mkubwa. Ndiyo maana ningerudi ghorofani leo nisingetumia gazeti. Ningechukua beseni pana la plastiki, nikalijaza udongo na kipande cha nyasi, nikaliweka kibarazani, nikawa nabadilisha nyasi kila baada ya siku chache. Kazi ni ileile ya gazeti, lakini siku ya kushuka chini nyasi hazitakuwa jambo geni.

Uani moja kwa moja

Popi anatolewa saa 11 alfajiri, baada ya kila mlo, baada ya kila usingizi, na saa 4 usiku. Wiki mbili za kwanza niliamka pia saa 8 usiku. Tunakwenda chini ya mwembe uleule, kwa kamba, nasimama kimya. Akianza, nasema neno moja tu. Sisi tunasema "haya". Akimaliza anapata kipande cha dagaa palepale, kabla hajapiga hatua. Ukingoja mpaka mfike jikoni umemlipa kwa kuingia ndani.

Dagaa, kwa njia, wawe wa Mwanza, wamekung'utwa mchanga. Wa baharini huchemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, na mtoto wa mbwa hahitaji chumvi hiyo yote.

Kosa ninaloliona kwa watu wenye ua ni kufungua mlango na kumwacha atoke peke yake. Anatoka, anafukuza kuku, anakuta jani, anasahau alichotumwa. Anarudi ndani, anakumbuka. Kuwa na uani hakutoshi. Mtu lazima asimame naye, hata kwenye manyunyu, mara nane mpaka kumi kwa siku. Kama nyumbani hakuna wa kufanya hivyo, uani hautakusaidia zaidi ya gazeti.

Jambo la pili ni chanjo. Parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache, virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16 hivi. Kabla ya hapo ua wako mwenyewe wenye ukuta, ambao haujawahi kulaza mbwa mgonjwa, hauna shida. Uwanja wa pamoja wa nyumba za kupanga, au njia wanayopita mbwa wa mtaa mzima, una shida. Aliye na uwanja wa pamoja atumie beseni la nyasi kwanza, hata kama anakaa chini.

Kwa haraka ya matokeo, uani umeshinda kwangu kwa mbali. Popi alifikisha wiki nzima bila ajali ndani akiwa hajafika miezi minne. Simba alihitaji karibu mara mbili ya muda huo. Mbwa wawili si ushahidi wa dunia nzima, lakini sababu inaeleweka: mmoja alifundishwa jambo moja, mwingine alifundishwa mawili yanayopingana.

Kizimba

Wengi hukiona kizimba kama jela, na kwa jinsi kinavyotumiwa mara nyingi, wana haki. Kazi yake halali ni ndogo. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo akiwa kwenye nafasi ndogo hujibana mpaka umtoe. Kwa maneno mengine, kizimba hakifundishi haja. Kinakupa wewe nafasi ya kupika au kulala bila kumchunga, ili umtoe kwa wakati. Asiyemtoa kwa wakati anamfundisha kuvumilia uchafu wake, na mbwa akishafika huko umepoteza silaha yako kubwa. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa na kulelewa kwenye banda chafu huja ameshaharibika hivyo. Kwake kizimba hakifanyi kazi, anza na uani na saa zilezile.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, si zaidi, maana kikiwa kipana atalala upande mmoja na kujisaidia upande mwingine. Pande zote ziwe wavu wa chuma. Wavu wa kuku atautafuna ajikate ufizi. Usikubali sanduku la bati: kwa joto la Dar kati ya Desemba na Machi hilo ni jiko. Kiweke koridoni penye upepo, mlango wazi mchana, chakula chake akilie humo mpaka aingie mwenyewe.

Na mtu anayetoka saa 12 asubuhi kurudi saa 12 jioni asinunue kizimba. Hakuna hesabu ya kibofu inayomfikisha mtoto wa mbwa hapo.

Ajali na ndoo ya deki

Kumsugua pua kwenye mkojo wake si njia ya nne. Dakika moja baada ya tendo hawezi tena kuunganisha adhabu na kilichotokea. Anachojifunza ni kwamba mkojo ukionekana, wewe unakuwa hatari, kwa hiyo atakwenda kukojoa nyuma ya kochi. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mbebe, malizeni nje.

Usafi ndio watu wanaoupuuza. Vigae ni rahisi. Saruji isiyopakwa rangi hunywa mkojo, na mkeka wa ukindu ndio mbaya kuliko vyote: sisi hatunusi kitu, yeye ananusa choo. Osha kwa sabuni, suuza, pitisha maji yenye siki, mkeka uanike juani. Jik usimwagie juu ya mkojo, na kamwe usiichanganye na siki. Vyote viwili hutoa hewa ya sumu, na mtoto wa mbwa anapumua karibu na sakafu kuliko wewe.

Sasa meno

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano, na anayatumia kama mtoto wa binadamu anavyotumia mikono. Kuanzia mwezi wa nne hivi huanza kung'oka, yanakuja 42 ya ukubwani, na shughuli huisha kama mwezi wa sita au wa saba. Katikati ya hapo ufizi unawasha na kila kitu kinatafunwa.

Kama bado hujamchukua, kipimo chako cha kwanza kiko hapa, na kina uzito kuliko aina ya mbwa. Aliyekaa na mama na ndugu zake mpaka wiki ya nane amekwisha kung'atwa na wenziwe mara mia, akajua kwamba ukiuma kwa nguvu mchezo unakwisha. Wanaouzwa wakiwa na wiki nne au tano, na ni wengi, hawakulipata somo hilo. Muuzaji atakuambia "anakula ugali huyu, chukua." Mwache amalize shule yake.

Njia za kumwachisha ninazoziona zikitumika ni nne.

Ya kwanza ni kulia "ai!" kwa sauti kali na kuganda, kama angefanya ndugu yake. Kwa Simba ilifanya kazi ndani ya siku chache. Kwa Popi ilikuwa sherehe. Kila nilivyolia alirudi kwa nguvu zaidi. Na kwa watoto wadogo siishauri hata kidogo, kwa sababu mtoto akilia hukimbia, na kinachokimbia huku kinalia ndicho mbwa anachokitaka.

Ya pili ni kusitisha mchezo. Jino likigusa ngozi, simama, geuka, ondoka au vuka mlango, kimya, kwa sekunde 20 au 30, kisha urudi kama hakuna kilichotokea. Inachosha, kwa sababu siku za mwanzo utaondoka mara kumi ndani ya robo saa. Lakini hii ndiyo iliyomweza Popi, na ndiyo ninayoiweka juu. Binti yetu wa miaka sita aliimudu kwa jina la "kuwa mti": anasimama, anakunja mikono kifuani, anaangalia juu. Njia ambayo mtu mdogo kuliko wote nyumbani anaiweza, ndiyo mbwa atakayoiona kila siku kwa namna moja. Baba akigeuka na kaka akaendelea kumchezea kwa mkono, mbwa hajifunzi kutouma. Anajifunza kuuma kaka.

Ya tatu ni kumpa kitu badala ya mkono. Kitambaa kilichofungwa fundo, kikaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, ni dawa nzuri ya ufizi. Karoti baridi pia. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vikali. Ndala kuukuu nayo hapana, kwa sababu yeye hajui kuukuu na mpya. Umempa harufu ya miguu yako na ruhusa. Njia hii peke yake haitoshi, kwa kuwa mwenye akili hugundua kwamba akiuma anapewa karoti. Mpe kabla hajauma, saa unazozijua.

Na saa hizo, kwa wengi, ni jioni. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 mpaka 20 kwa siku, na akikosa anakuwa kama mtoto wa mtu aliyenyimwa usingizi wa mchana: ikifika magharibi hashikiki. Mara nyingi "ukali" wa saa 1 usiku huisha ukimweka mahali penye giza na utulivu. Kama una kizimba, hapo ndipo nilipokiona kinalipa.

Ya nne ni kipigo, kumfinya mdomo, au kujipaka pilipili mikononi. Inaonekana kufanya kazi, nakiri, kwa sababu siku hiyohiyo ataacha. Lakini anaacha pamoja na kunguruma, na mngurumo ndio kengele yako. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma huja kuuma bila taarifa akiwa na kilo 30. Mkono ulioinuliwa naye anauogopa, hata wa mgeni anayesalimia. Pilipili, mwenye kuumia ni mtoto wako akijifikicha macho. Na wapo wanaotaka aume, ili kibao cha "Mbwa Mkali" getini kisiwe cha uongo. Mbwa wa ulinzi anahitaji kubweka na kumjua mgeni na mwenyeji. Anayeuma mikono ya nyumbani hajaanza ulinzi.

Jeraha likitoka damu usichukulie kuwa ni kijibwa tu. Kichaa cha mbwa hubebwa hata na wadogo, na chanjo yake kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu, yaani miezi ya mwanzo ya kung'atang'ata bado hajachanjwa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya uelezee, hasa kama mama yake au alikotoka hakujulikani.

Basi uchague ipi

Una ua wenye ukuta na mtu anayeshinda nyumbani ambaye amekubali: uani, bila kupitia gazeti. Ongeza kizimba kwa ajili ya usiku ukiweza.

Uko ghorofani, au uwanja ni wa wote: beseni la nyasi mpaka chanjo zikamilike, halafu chini. Magazeti ni kwa atakayeshindwa kupata nyasi, au aliye na mzee nyumbani asiyeweza kuinama na beseni.

Wote mnatoka asubuhi mpaka jioni: usichukue mtoto. Tafuta mbwa wa mwaka mmoja au miwili ambaye kibofu chake kimekomaa na meno yake yameshatulia. Wa kienyeji wapo wengi wanaotafuta kwao.

Na kuna nyumba ambazo mbwa haingii kabisa. Wakwe zangu wa Tanga ni hivyo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ni ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Kwao swali la haja ni dogo: kona moja ya ua, mbali na kisima na kamba ya nguo, kwa utaratibu uleule wa kamba na neno moja. Swali la meno ndilo kubwa, kwa kuwa mtoto wa mbwa anayedaka pindo la kanzu amempa mtu kazi kabla ya sala. Mkwe wangu alianza na "kuwa mti" siku ya kwanza, kwa kujificha nyuma ya wavu wa banda. Mbwa wake leo husimama hatua mbili kutoka kwake, mkia ukipiga, wala hasogei.

Popi wangu yuko katikati ya kung'oa. Juzi nimeokota jino lake la kwanza kibarazani, dogo kama punje ya mchele. Binti amelichukua akalitupa juu ya bati, kama tunavyofanya ya kwake.